Mtini kwenye ploti ya hamsini kwa mia: kata Agosti, kula Januari

Mama mmoja wa Embakasi, Nairobi, ameniandikia kwa uchungu. Mtini wake una miaka minne, umepita paa la jikoni, majani mapana kama sahani, na bado hajaonja tini hata moja. Zinatoka, zinafikia ukubwa wa goroli, zinasinyaa, zinaanguka. Jirani kamshauri aung'oe apande mparachichi.

Mama, weka jembe chini kwanza. Mche huo ulitoka wapi?

Siulizi kwa udaku. Mtini wa kula, Ficus carica, una koo mbili zinazotuhusu. Ukoo wa kwanza huzaa bila kuchavushwa: humo mna Brown Turkey, Black Mission na Kadota. Ukoo wa pili, Smyrna, sharti uingiliwe na nyigu mdogo sana anayebeba chavua kutoka kwa mtini dume. Asipokuja, tini huishia kwenye ugoroli na kudondoka. Sasa watu hununua tini kavu za Uturuki supamaketi, wakaotesha mbegu, wakatamba na miche. Tini hizo nyingi ni za Smyrna, na karibu nusu ya miche yake huwa dume. Wala usimngojee nyigu wa mugumo. Mugumo na mtini ni ndugu kweli, lakini kila mmoja ana nyigu wake, na hawaazimani.

Kwa hiyo mbegu waachie ndege, wewe panda kijiti. Tafuta mti ambao matunda yake umeyala kwa mdomo wako, ukate tawi la mwaka mmoja lenye unene wa kidole, urefu wa sentimita 25, macho manne au matano. Liache kivulini siku moja utomvu ukauke. Zika theluthi mbili kwenye mfuko wenye mchanga uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu, unyevu wa wastani tu. Wengi huharibu hapa: wiki ya pili au ya tatu majani yanachipua, mwenye mche anafurahi, anahamisha, mche unakufa. Majani yale yalikula akiba ya kijiti, mizizi haijatoka bado. Subiri mpaka uione ikichungulia kwenye matundu ya chini ya mfuko.

Kuhusu huo mparachichi wa jirani. Hass uliopandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, sikatai, lakini unataka mita sita au saba kila upande. Ploti yenye nyumba, tangi la maji, shimo la choo na gari moja, hizo mita utazitoa wapi? Ukiukata sana ili usizibe dirisha, unapoteza mavuno ya msimu mzima au zaidi. Juu ya hayo, udongo mweusi wa Embakasi hushika maji, na mizizi ya mparachichi ikilala majini inaoza. Mwembe? Huku juu baridi na ukungu huua maua kabla hayajashika matunda. Mchungwa unasumbuliwa na ugonjwa wa kijani, unaoenezwa na kidudu kinachopenda nyanda za juu zenye baridi: majani yanakuwa na mabaka ya njano, matunda yanapinda upande na kuwa machungu, na dawa hakuna. Papai linalokomaa Julai linakuwa kama tango. Mpera huzaa bila kubembelezwa, ila nzi wa matunda, hasa yule Bactrocera dorsalis aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hukuachia mapera yenye funza. Mti pekee unaoshindana na mtini kwa urahisi ni mforosadi, nao ni wa familia moja. Usiupande tu karibu na kamba ya nguo.

Mtini unayashinda haya kwa sababu moja: mavuno yake makuu hutokea kwenye machipukizi mapya. Unaamua kimo kwa mkasi, mita mbili zinatosha, na bado unakula msimu huo huo. Ubaya wake ni mizizi. Hufuata maji popote yalipo, kwa hiyo upande mita tano kutoka shimo la choo na mabomba. Nafasi ikikosekana, kata pipa la plastiki la lita 200 katikati, toboa matundu kumi chini, jaza udongo mwekundu karai mbili, samadi iliyooza karai moja, mchanga karai moja, ukirudia mpaka lijae. Kwenye udongo mweusi wa pamba mimi ningetumia pipa hata kama nafasi ipo. Udongo ule hufurika Aprili na kupasuka Februari, na tini changa huanguka mizizi ikiyumbishwa hivyo.

Tuje kwenye kalenda, ambayo ndiyo siri yote ya Nairobi. Tini inayoiva Aprili hunyeshewa na kupasuka au kuchachuka mtini. Inayoiva Julai, chini ya yale mawingu ya wiki nzima, haina sukari. Unataka ziive Januari hadi mapema Machi. Hesabu kurudi nyuma: tini huchukua takriban miezi mitatu hadi minne kutoka kuchomoza hadi kuiva, nayo huchomoza kwenye tawi jipya lenye wiki kadhaa. Kwa hiyo pogoa mwishoni mwa Agosti. Kwetu hakuna baridi ya kuupumzisha mti, basi uupumzishe wewe: acha kumwagilia wiki tatu kabla, kisha ng'oa majani yote yaliyobaki. Bakiza matawi manne hadi sita, kila moja ulikate juu ya jicho la tatu au la nne, na ondoa yanayoelekea ndani. Vaa mikono mirefu na glavu. Utomvu ule ukipigwa na jua ngozini huleta malengelenge.

Baada ya kupogoa, weka nusu debe ya samadi ya ng'ombe iliyooza na kopo moja la majivu. Mbolea ya kuku iache. Mti wenye majani ya sahani na matunda haba mara nyingi umeshiba naitrojeni, na mama, ulisema banda la kuku liko hapo hapo. Tini zikishashika, mwagilia lita 20 mara mbili kwa wiki bila kuruka, nyasi kavu zimetandazwa shinani. Ukame wa wiki mbili kisha mafuriko ya siku moja huzipasua.

Mvua za Novemba huleta kutu: vidoa vya njano juu ya jani, unga wa kahawia chini yake, kisha majani yote chini. Okota yaliyoanguka uyachome, na nyunyizia dawa ya kopa (shaba) upande wa chini wa majani mapema, kabla tini hazijaanza kulainika.

Kuchuma nako kuna kosa lake. Tini haiivi kabatini. Ngoja shingo yake ilegee, tunda lining'inie, ngozi ipasuke vinyufa vyembamba na tone la asali litokeze tunduni. Ukiichuma na kikonyo kikatoa maziwa, umewahi. Ndege aina ya kuzumburu nao wanajua dalili hizi kuliko wewe. Zivalishe vifuko vya chandarua kuukuu.

Na kama mche ulitoka kwenye mbegu, bado usiung'oe. Mizizi ya miaka minne ni mali. Kata shina kwa msumeno kimo cha goti, subiri siku moja utomvu ukome, kisha penyeza vijiti viwili vya Brown Turkey vilivyochongwa kama kabari kati ya gome na mti. Funga kwa utepe wa plastiki, ziba kidonda kwa nta, funika kwa mfuko kivulini. Vikianza kuchipua, fungua mfuko kidogo kidogo, na kila wiki ng'oa chochote kinachoota chini ya kiungo: huo ni ule mti wa zamani unajaribu kurudi.