Uliza Ujibiwe: Kampuni ya vikapu ilivyogeuka tajiri wa matangazo

Mchora mabango, Mwanjelwa, Mbeya: Mhariri shikamoo. Mimi nachora matangazo ukutani, maduka mengi kuanzia Uyole mpaka Igurusi ni mkono wangu. Kazi huwa naletewa na jamaa wa Dar, sio kampuni yenyewe ya soda au ya simu. Juzi mmoja kaniambia bosi wa bosi wao ni WPP ya Uingereza, eti zamani walikuwa wanatengeneza vikapu vya waya. Ni kweli au kanipiga kamba?

Marahaba kaka, hajakupiga kamba. Kampuni ilianzishwa 1971 kwa jina la Wire and Plastic Products, na kazi yake ilikuwa vitu vya waya kweli, vikapu na vikorokoro vya jikoni. Matangazo hawakuwa na habari nayo kabisa. Sasa 1985 akaja jamaa anaitwa Martin Sorrell, alikuwa mkurugenzi wa fedha wa wakala wa matangazo Saatchi & Saatchi, yeye alikuwa anatafuta kakampuni kadogo ambako tayari kako kwenye soko la hisa la London, akanunua hisa humo, basi waya zikawa sio ishu tena, alichotaka ni mlango wa kukopea na kununulia kampuni nyingine.

Na alinunua kweli! 1987 akabeba J. Walter Thompson ya Marekani, wakala mwenye mizizi tangu 1864, kwa dola milioni 566, yaani mdogo kammeza mkubwa mara nyingi zaidi yake. Miaka miwili mbele akaenda kwa Ogilvy, dola milioni 864. Mzee David Ogilvy, aliyeanzisha kampuni hiyo New York 1948, alikasirika mpaka akamtukana Sorrell hadharani, halafu dili lilipopita huyohuyo mzee akakubali kuwa mwenyekiti wa WPP. Hela ina mambo.

Ila ile ya Ogilvy ilikuwa ya mkopo na uchumi ukayumba, mwanzoni mwa miaka ya 90 WPP nusura izame, ikabidi mabenki yakubali kugeuza sehemu ya deni kuwa hisa. Walivyopumua wakarudi kulekule kununua mawakala wengine wa matangazo, Young & Rubicam 2000, Grey 2005, na wengine wengi tu. Sorrell mwenyewe aliondoka 2018 baada ya miaka zaidi ya 30.

Huku kwetu waliingia kupitia Nairobi. Kulikuwa na Scangroup, kundi la mawakala wa matangazo, iliyouza hisa kwa umma Kenya 2006, WPP ikachukua sehemu kubwa ya umiliki 2013 na leo inaitwa WPP Scangroup, Dar wapo pia. Kwa hiyo kampuni ya soda inatoa bajeti kwa wakala, wakala anabuni tangazo, mwingine anapanga liende wapi, kuna mwenye kandarasi ya mabango, huyo ndo anakufuata wewe na ndoo ya rangi. Kila mkono unakata chake. Mimi ningekuwa wewe nisingepanda ngazi bila oda ya maandishi na advansi ya rangi, maana hela ikikwama huko juu wa mwisho kuipata ni mchoraji.

Mwanafunzi wa masoko, Iringa: Kamwene mhariri. Kama yote ni ya mtu mmoja, kwa nini wasitumie jina moja? Na huduma zao ni zipi hasa?

Kamwene mdogo wangu, swali zuri hili. Sababu kubwa ni wateja wanaoshindana. Kampuni mbili za sabuni haziwezi kukubali siri zao za mwaka kesho zikae ofisi moja, ndo maana kundi linaweka majina tofauti, milango tofauti, huyu aende Ogilvy yule aende Grey, faida inakutana juu. Ni ujanja, lakini ujanja uliokubalika, wapinzani wao Omnicom ya Marekani na Publicis ya Ufaransa wanafanya hivyohivyo.

Huduma ni kubuni matangazo, mahusiano na vyombo vya habari, mambo ya data, na kununua nafasi redioni, kwenye tivii na mtandaoni. Hii ya mwisho ndo yenye hela ndefu, wanakusanya bajeti za wateja wengi halafu wanabana bei, kama dalali wa viazi anayeingia shambani na fuso tatu. Kitengo hicho kiliitwa GroupM, 2025 kikageuzwa WPP Media. Utafiti wa soko walikuwa nao kupitia kampuni yao Kantar ila 2019 waliuza asilimia 60 yake kwa Bain Capital, kampuni ya uwekezaji ya Marekani.

Cha kuchekesha, majina yenyewe yanakufa siku hizi. J. Walter Thompson na Young & Rubicam yote yamemezwa ndani ya VML, wakala mwingine wa WPP hiyohiyo. Google na Meta (wenye Facebook) wanamuuzia mteja tangazo moja kwa moja, kwa hiyo wakala wenye ofisi kumi kumi wanajikuta mzigo. Septemba 2025 WPP ikapata bosi mpya, Cindy Rose, katokea Microsoft, na Novemba mwaka huohuo Omnicom ikamaliza kuinunua Interpublic, kundi jingine kubwa la matangazo la Marekani.

Kikundi cha parachichi, Rungwe: Tuwatafute hao watutangazie?

Hapana jamani, hao sio saizi yenu. Nunueni muda redio ya hapo Mbeya kipindi cha asubuhi, pigeni picha nzuri za mzigo mtume kwenye magrupu ya wanunuzi, na mkitaka ukuta pale Tukuyu stendi, mchoraji wa Mwanjelwa mmemsoma hapo juu, tuandikieni tuwaunganishe.