Shangazi Anajibu: Mke Wangu Ameleta Toleo Jipya la Mchezo Wangu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mtanzania wa miaka 48, naishi Wisconsin, Marekani, na mke na watoto wawili. Mwaka 1999, nikiwa mwanafunzi, wenzangu wa nyumbani walinifundisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mtu huongoza mhusika wa kubuni katika hadithi na dadu huamua yatakayompata, kwa sanduku jekundu la 1983 lenye vitabu vya kanuni na dadu, na hadi leo sijaupenda mchezo mwingine. Mke wangu amenunua vitabu vya toleo la 2024 bila kunishauri, na kila Jumamosi hucheza na watoto. Nimekataa kuketi nao, kwani mwacha asili ni mtumwa. Je, hii si dharau? – Mwenye Sanduku*

Marahaba, mwanangu. Kijana aliyetoka Tanga akaangukia katika baridi ya Wisconsin, kisha akapata meza yenye wenzake watatu na chai ya moto, ana haki ya kuikumbuka meza hiyo maisha yake yote. Kwa hilo nakupa pole, nayo inatosha.

Barua yako hapo juu nimeifupisha. Yenyewe ina kurasa nne, na tatu na nusu kati yake ni kanuni. Sasa najua kwamba mchawi wako wa kwanza alianza na alama mbili za uhai, kwamba dadu zilikuja na krayoni ya kupaka namba ili zisomeke, na kwamba katika sanduku lako kinga ya mhusika huwa bora kadiri namba yake inavyopungua. Mke wako amepata mistari sita, na humo ndimo ulimojisahau ukasema kweli.

Umeandika kwamba Jumamosi moja mhusika wa mwanao wa miaka tisa aliishiwa alama zote za uhai. Kwa kanuni za mama yake, mtoto alikuwa na nafasi ya kurusha dadu ili kuona kama shujaa wake atapona, naye alikuwa ameishika mkononi. Wewe, uliyesema hutaki kuhusika na mchezo huo, ukapaza sauti kutoka jikoni: "Kwa kanuni zangu, huyo ameshakufa." Mtoto akalia, mama akafunga kitabu, nawe ukaniandikia mimi kuniuliza nani amemdharau nani.

Hiyo methali yako nayo haikusaidii. Mchezo huo ulitoka mara ya kwanza mwaka 1974, katika vijitabu vitatu vya Gary Gygax na Dave Arneson, na sanduku la kwanza la wanaoanza likafuata 1977, kisha jingine 1981, ndipo likaja hilo lako. Kwa hiyo unachokiita asili kilikuwa toleo jipya kwa watu waliotangulia, na wewe mwenyewe ulikifikia kikiwa na miaka 16, tena kwa hisani ya kaka wa mwenzako aliyekiacha nyumbani. Ulichokipenda ni wale vijana watatu waliokusogezea kiti bila kukuuliza unajua nini.

Mke wako je, ulimsogezea kiti? Umekiri, kwa kupitia tu, kwamba alikuomba mara mbili umfundishe ukamjibu kanuni ni ngumu, na kwamba sanduku hukaa juu ya kabati, watoto wasiliguse, kwa kuwa pembe zake zinachanika. Mwanamke huyo alipenda boga akataka na ua lake, ukamnyima. Akaenda akajisomea peke yake usiku baada ya kazi, na leo yeye ndiye msimulizi ambaye watoto humsubiri wiki nzima. Mwanangu, hilo linalokuuma si toleo, ni wivu.

Marehemu mume wangu alikuwa hachezi bao ila kwa komwe. Tulipoleta gololi alisusa jioni nzima barazani, na nilimpenda hata hivyo, lakini hakuwahi kumliza mtoto kwa ajili ya komwe. Ninyi wanaume wa siku hizi mnataka wake zenu wayaheshimu mnayoyapenda wakiwa mbali nayo, kama walinzi wa makumbusho, na anayethubutu kuyagusa mnamwita mwenye dharau.

Mwombe mkeo radhi kabla ya Jumamosi, na mtoto umwombe radhi yake mbele ya mama yake. Kisha uketi mezani kama mgeni, umuulize mkeo urushe dadu ipi, na usimsahihishe hata mara moja. Sanduku lishushwe kabatini. Umesema namba za dadu zako zimefifia. Krayoni mpe huyo wa miaka tisa azipake, hata akichagua rangi usiyoipenda.