Anakula steki, mbona ana matege?

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa Boma Ng'ombe nina mbwa wawili. Mmoja jike wa kienyeji, miaka sita, anakula kinachobaki jikoni: ugali, dagaa, ukoko wa wali. Wa pili ni Tiga, Jemani Shepadi wa miezi mitano, tuliyemnunua kwa hela ndefu. Chakula cha mfuko kilitushinda bei, nikaamua nimpikie mwenyewe. Nachukua steki buchani, haina mfupa wala mafuta, nachemsha na mchele bila chumvi. Ndicho anachokula tangu ana miezi miwili. Sasa miguu ya mbele imepinda, na akipanda ngazi za barazani analia. Jirani anasema ni minyoo. Huyu bibi wa kienyeji ni mzima kama chuma! Nimekosea wapi?
Mama Mapacha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dawa ya minyoo apewe kwa tarehe zake, lakini minyoo haileti matege. Mimi nashuku hiyo steki.

Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Kwa kila sehemu moja ya kalsiamu kuna kama sehemu 15 hadi 20 za fosforasi, wakati mtoto wa mbwa anataka vikaribiane, kalsiamu izidi kidogo. Mchele nao hauna cha kuongeza hapo. Sasa, damu haikubali kupungukiwa kalsiamu, maana moyo na misuli vinaitegemea, kwa hiyo mwili unaenda kuichota kwenye mifupa. Kila ukimtazama Tiga kaongezeka, kumbe mifupa inachimbwa kwa ndani. Niliwahi kuletewa mmoja aliyevunjika paja kwa kukimbilia geti tu. Alikuwa amelishwa maini matupu miezi mitatu, na mwenyewe akijisifu.

Bibi yenu ameokolewa na dagaa. Dagaa analiwa na mifupa yake yote, halafu mbwa aliyekwisha kukua hadai kalsiamu kama mtoto.

Kuanzia leo Tiga asipande ngazi, asiruke, asikimbizane na mapacha. Mtengee sehemu ndogo yenye sakafu isiyoteleza, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo apigwe eksirei. Tafadhali usikimbilie duka la pembejeo kununua chokaa ya kuku ukammwagia kwenye bakuli. Mbwa wa mbegu kubwa akiwa mtoto, utumbo wake haujui kukataa kalsiamu iliyozidi, na ikizidi mifupa na viungo vinaharibika vilevile. Ndiyo maana kwa huyu nasema jibaneni, mnunulie chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa mpaka apite mwaka. Najua ulishanitajia bei. Basi piga hesabu ya steki ya mwezi mzima uiweke kando ya bei ya mfuko. Na ukishaanza mfuko, usiongeze kalsiamu nyingine mpaka daktari aseme.

Wala usijilaumu. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyochapishwa, mengi yakiwa yameandikwa na madaktari wa mifugo wenyewe. Asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja.

Wa kumpikia ni huyo bibi. Kama ana kilo 20 hivi, kwa siku chemsha gramu 400 za nyama ya bei nafuu (moyo, nyama ya kichwa, mapupu kidogo), vikombe viwili vya wali au ugali, mchicha au karoti kiasi cha kiganja, na kijiko cha chai cha mafuta. Maganda ya mayai yachemshe, yakaushe, yasage yawe unga laini, uweke nusu kijiko cha chai. Humo mna kalsiamu kama gramu moja. Gawanya asubuhi na jioni. Dagaa endelea nao, ila wapepete na kuwaosha, hasa wale wa kulishia kuku, maana mchanga wake unaweza kujenga nyumba. Maini ni vipande vichache mara moja moja, vitamini A yake ni nyingi. Hata hapo zinki na vitamini E zinaweza kupungua, muulize daktari vitamini za mbwa.

Mapupu na maini yaive mpaka ndani. Ukiona uvimbe wenye maji, fukia shimo refu, mbwa asionje: mna viluwiluwi vya tegu ambaye mayai yake hutoka kwa kinyesi cha mbwa na kuingia kwa watu. Kule Turkana watu wengi wamepasuliwa matumbo kwa sababu yake.

Mchuzi wenu msimpe. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Nilijifunza kwa aibu, na mimi ndiye mtaalamu: baada ya sherehe nyumbani nilimkombea mbwa wangu sufuria ya rosti, siku ya tatu ufizi ukawa mweupe na mkojo rangi ya chai ya rangi. Alipona, lakini mke wangu ananikumbusha mpaka leo.

Na unga ukiota ukungu, ile tabia ya kusema "huu apikiwe mbwa" iacheni. Sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa haliihimili hata kidogo.

Picha ya eksirei ikitoka, niandikie daktari amesema nini. Steki iliyobaki kwenye friji kaangeni wenyewe, na vitunguu vyenu.