Re: Mnyororo wa boya unakula omo ya boti

Kaka, umeuliza uvishe nini pale omo, yaani mbele ya boti, maana mnyororo wa boya unalofungia boti umeshaila rola (ile gurudumu unapopitia mnyororo) na sasa unachimba faiba ya boti. Mi nakwambia usivishe kitu, toa huo mnyororo kwenye boti kabisa. Kazi yake iko chini, uzito wake ndo unashika, ila huku juu ni msumeno tu, haswa hapa Kilifi maji yakipwa huku na upepo wa kusi unasukuma kule, boti inageuka geuka usiku kucha.

Mnyororo uishie kwenye boya, kutoka hapo hadi kwenye boti panda na kamba mbili za nailoni, moja kila upande wa omo, na kila moja iwe na mahali pake pa kufungia. Nailoni inavutika kwahiyo ile mishtuko inapungua. Sasa pale kamba inapopita ukingoni ndo uvishe kipande cha mpira wa zimamoto uliochakaa, ule wa kitambaa, kama futi 3 hivi, toboa mwishoni uushone na uzi mnene usije ukahama. Usiweke hozi ya bustani kama mimi, kwa nje ilikuwa safiii, kuivua nakuta kamba ngumu kama fimbo, nyuzi zimegandana kwa joto la kusuguana maana maji hayaingii kuipoza.

Pini ya shakeli (kile chuma cha kuungia mnyororo) ifunge waya isijifungue. Rola mpya acha kwanza, zile kona kali zipige msasa tu.