Ulinzi wa Mtaa Uanze na Daftari

Katika mitaa mingi ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, wizi ukizidi, jambo la kwanza ambalo wananchi hudai mkutanoni ni doria ya usiku: vijana watafutwe, mchango upitishwe nyumba kwa nyumba, tochi, filimbi na marungu vinunuliwe, na kazi ianze usiku uleule. Nimekaa katika kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wetu kwa muda wa kutosha kuona doria za namna hiyo zikianza kwa kishindo na kufifia kabla ya msimu wa korosho kwisha, na ushauri wangu kwa mtaa wowote unaosumbuliwa na uhalifu ni kwamba doria isitangulie. Kitangulie kuandikwa kile kilichoibwa, mahali kilipoibwa, saa, na njia aliyotumia mwizi.

Nasema hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya wizi wa mitaani haifiki polisi. Mtu akiibiwa ndoo, kanga zilizoanikwa, mtungi wa gesi au betri ya bodaboda, hupiga hesabu ya nauli na ya siku ya kazi atakayoipoteza, akaona heri anyamaze. Kituo cha polisi kikikosa taarifa hakiwezi kuujua mtaa huo, na wakazi nao hubaki wakilalamika kwamba polisi hawawajali. Sisi tulinunua kaunta buku likakaa ofisini kwa mtendaji wa mtaa, na kila mjumbe akapewa jukumu la kupeleka matukio ya eneo lake, hata yale ambayo mwenyewe aliyeibiwa ameyadharau. Nakala ya matukio hayo humfikia polisi kata, na kwa wizi mkubwa mwenye mali husindikizwa kituoni akafungue jalada na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi.

Daftari lile lilitufundisha mambo ambayo hakuna aliyeyasema mkutanoni. Wengi tuliamini kwamba wezi huja usiku wa manane, kumbe matukio mengi yalikuwa yametokea kati ya magharibi na isha, wakati ambapo wanaume wako msikitini au kijiweni, akina mama wako uani wakipika, na sebuleni kumebaki simu inayochajiwa karibu na dirisha. Mwizi hukata wavu wa mbu kwa wembe kwenye kona ya chini, pale ambapo pazia linaficha, kisha huingiza fimbo ndefu yenye ndoano ya waya na kuvuta simu pamoja na chaja yake. Nyumba yenye nondo imara huibiwa hivyo hivyo kama nyingine, kwa kuwa mwizi haingii ndani. Umeme ukikatika saa hizo, matukio huongezeka. Doria iliyokuwa ikitoka saa sita usiku ilikuwa inalinda saa ambazo wezi wenyewe wamelala, kwa hiyo tulihamishia nguvu kwenye saa za jioni na alfajiri, na tukawaomba wakazi wahamishe chaja mbali na madirisha. Badiliko hilo dogo halikugharimu shilingi hata moja.

Jambo jingine lilihusu sherehe zetu wenyewe. Baada ya mavuno huja ngoma za jando na unyago, na familia nzima hufunga nyumba na kwenda kijijini, Newala, Tandahimba au Masasi, ikakaa huko siku kadhaa. Anayetaka kuiba hahitaji kupeleleza, maana shughuli imetangazwa kwa wiki kadhaa na picha za safari zimewekwa kwenye simu. Tulikubaliana kwamba anayesafiri awaage jirani wa kulia, jirani wa kushoto na mjumbe wake, aache namba ya simu, na amwachie mtu anayemwamini kazi ya kuwasha taa ya nje jioni na kuizima asubuhi. Ni wajibu wa ujirani ambao wazee wetu waliutimiza bila kuandikiana, lakini katika mtaa wenye wapangaji wengi wanaohama kila mara inabidi usemwe waziwazi.

Hapohapo niseme jambo linaloniuma. Mkoa wetu unapakana na Msumbiji, na msimu wa korosho unaleta watu kutoka kila upande kufuata fedha za minada, kwa hiyo wizi ukitokea wageni ndio hunyooshewa kidole kwanza. Tuhuma ya jumla namna hiyo haimkamati mwizi, na inamfanya mtu asiye na kosa aogope kuja kutoa taarifa ya alichokiona. Rejista ya wakazi ifuatwe kwa wote: mwenye nyumba ampeleke mpangaji wake ofisi ya mtaa na barua ya utambulisho kutoka alikohama, ajulikane kwa jina na kazi, na baada ya hapo ahesabiwe kuwa mkazi kamili mwenye haki ya kulindwa.

Kuna upande wa wizi ambao mitaa mingi huusahau, nao ni soko la mali yenyewe. Sufuria, koki na vipande vya nondo huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na simu huishia kwa mafundi. Tuliwaita wote kikaoni, kwa heshima na bila kuwatuhumu, tukawaomba waandike jina na namba ya simu ya kila anayewauzia kitu. Wengi walikubali haraka kuliko tulivyotazamia, kwa sababu kukutwa na mali ya wizi ni kosa ambalo wao pia hulilipia. Kwa upande wa simu, kila mkazi abonyeze *#06#, anakili namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itakayotokea, na aihifadhi kwenye karatasi nyumbani, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kwamba simu iliyokamatwa ni yake na ndiyo inayowezesha simu hiyo kufungiwa mtandaoni.

Kuhusu sheria, Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 146, inaitaja kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi kuwa miongoni mwa kazi za serikali za mitaa, na sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wananchi wenyewe, walitambuliwa kisheria tangu mwaka 1989. Hata hivyo, mlinzi wa mtaa si askari wala hakimu. Raia akimkamata mhalifu anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa, na hana ruhusa ya kumpiga wala kumfungia ofisini. Jioni moja kijana alikamatwa amebeba mtungi wa gesi wa jirani, watu wakajaa, mawe yakaanza kuokotwa, hadi mama mmoja muuza vitumbua alipojipenyeza katikati na kusema, "Wanangu, huyu akifa hapa, kesho ni mimi nitakayewaletea chakula mahabusu." Kijana akapelekwa kituoni akiwa mzima, na mtungi ulikuwa na alama ya rangi nyekundu chini ya kitako ambayo mwenyewe aliipaka siku alipoununua, kwa hiyo hapakuwa na ubishi juu ya mali ni ya nani. Wekeni alama kwenye vitu vyenu. Na mkiitwa Mahakama ya Mwanzo kutoa ushahidi, nendeni, kwani mtuhumiwa huachiwa pale mashahidi wasipotokea, kisha lawama zote hutupiwa polisi.

Mchango wa ulinzi nao uwe na stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Mtaa usiosomewa hesabu huacha kuchanga.

Tatizo ambalo bado tunapambana nalo ni mapagala. Wamiliki wengi wanaishi Dar es Salaam, nyumba zimesimama bila milango, majani yamefika kwenye lenta, na humo ndimo tunamokuta mikoba iliyopekuliwa na masanduku yaliyovunjwa. Mtendaji amewaandikia baadhi yao na wachache wameweka mabati kwenye milango na kuwalipa vijana wa mtaa wafyeke. Ambao hawajajibu, orodha ya viwanja vyao imepelekwa kwa mtendaji wa kata, na wakati jibu likisubiriwa tumewaruhusu majirani kufyeka wenyewe mita chache zinazopakana na njia ya watoto wa shule.