Sindano za umeme kwa mama anayefunga choo

Pole dada kwa hali ya mama. Umeuliza kama sindano za Kichina zenye umeme, alizoshauriwa kule Kariakoo, kweli zinaamsha utumbo au ni hela ya kutupa.

Si uzushi. China walizijaribu kwa watu 1,075 waliofunga choo vibaya kwa muda mrefu, matokeo yakatoka 2016. Takriban nusu walichomwa tumboni na miguuni, sindano zikaunganishwa na umeme mdogo. Wengine walichomwa juu juu tu, bila umeme. Ndani ya wiki 8 na vikao 28, waliopata choo kamili walau mara 3 kwa wiki kwa wastani, bila dawa, walikuwa kama 31 kwa 100, dhidi ya 12. Maana yake wengi hawakufika huko, na mama alijue hilo kabla ya kulipa.

Kwanza aonwe na daktari, Muhimbili au hospitali ya karibu, hasa kama anatoa damu, anakonda, anatapika au tumbo linavimba. Akiruhusiwa, chukueni daftari. Wiki mbili kabla ya sindano aandike kila siku: ameenda, amejikamua, amehisi kingine kimebaki, ametumia dawa? Aendelee hivyo akianza matibabu. Mapapai na maji yabaki yale yale, la sivyo hamtajua kilichosaidia ni kipi.

Lipeni kikao kwa kikao. Sindano zifunguliwe kwenye pakiti mbele yenu. Na kama ana betri ya moyo, umeme asiwekewe kabisa.