Seva Inayokataa Miunganisho Mipya

SWALI: Seva yetu ya Linux hupokea maombi ya wateja na kuyapeleka kwenye hifadhidata iliyo katika mashine nyingine. Watumiaji wakiongezeka, hutoa kosa kwamba anwani iliyoombwa haiwezi kutolewa, ingawa prosesa na kumbukumbu hazijaelemewa. Je, tuongeze mashine?
Msimamizi wa mifumo, Morogoro

JIBU: Msinunue kitu kwanza, kwani yaelekea kilichokwisha ni poti za muda, yaani namba ambazo mfumo huupa kila muunganisho unaotoka. Kwa kawaida Linux hutenga poti 32768 hadi 60999 kwa miunganisho inayotoka, na upande unaotangulia kufunga hubaki na soketi (ncha yake ya muunganisho) katika hali ya TIME-WAIT, yaani ya kusubiri huku poti ikiwa bado imeshikwa, kwa sekunde 60; kwa hiyo programu inayofungua muunganisho mpya kwa kila ombi, kuelekea anwani na poti ile ile, hukwama ikizidi takriban miunganisho 470 kwa sekunde. Tatizo likitokea, endesheni amri ya ss -tan, inayoorodhesha miunganisho ya TCP na hali zake. Mkiona TIME-WAIT kwa maelfu, dawa ni programu kutumia tena miunganisho iliyo wazi. Kuwasha tcp_tw_reuse, mpangilio wa Linux unaoruhusu poti zilizo katika TIME-WAIT kutumika tena, huwapa nafasi ya kupumua tu. Ile tcp_tw_recycle, ambayo bado kuna wanaoipendekeza, iliondolewa katika Linux 4.12, na ilistahili, kwa sababu ilikuwa ikiwakatalia wateja walio nyuma ya NAT, yaani mashine nyingi zinazotoka mtandaoni kwa anwani moja. Soketi nyingi zikiwa katika hali ya CLOSE-WAIT, msiguse mipangilio ya mfumo: upande wa pili umekwisha kufunga, nayo programu yenu haijafunga soketi zake, basi mwiteni aliyeiandika.